Mganga Anayejiganga

Mtu wa Dar es Salaam akikuelekeza kwake hakupi ramani. Anakupa hadithi fupi: "Shuka kituoni, vuka barabara, ingia kwenye kichochoro kile chenye kibanda cha chipsi. Nyoosha tu, usikate kona, mpaka uone mwembe mkubwa. Nyumba ya pili kushoto, geti la bluu. Ukiukuta msikiti, ujue umepitiliza, rudi."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Haimpeleki mtu popote. Msikiti haupo njiani, na mgeni akienda sawasawa hatauona kabisa. Lakini mwenyeji ameutaja kwa sababu ameshaona wageni wakipotea, anajua wanapotelea wapi, na amewatangulia huko huko akawawekea alama.

Huikumbuka sentensi hiyo kila ninaposoma maelekezo ya kusakinisha programu, na hasa programu za kundi moja: zana huria za kuandikia nyaraka. Ni programu za bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na kazi yake ni kugeuza maandishi ya kawaida kuwa tovuti yenye kurasa, faharasa, viungo na kisanduku cha kutafutia. Sphinx, iliyotolewa na Georg Brandl mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, ni mojawapo. Jekyll ya Tom Preston-Werner, iliyoandikwa kwa lugha ya Ruby, ilianza mwaka huo huo na hutumika kwa tovuti za kila aina, nyaraka zikiwemo. MkDocs ya Tom Christie ilikuja mwaka 2014 kwa waliotaka kitu chepesi zaidi. Miongozo mingi ya programu inayosomwa leo imepikwa katika vyungu hivi.

Mtu angetarajia kwamba watengenezaji wa zana za kuandikia miongozo ndio wangekuwa na miongozo bora kuliko wote. Mara nyingi haiwi hivyo. Mganga hajigangi, wahenga walishasema. Ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa "anza hapa", ndio unaowarudisha wengi nyumbani. Lakini sikukaa kuandika ili nilalamike. Nataka kuwaangalia wale waganga waliojiganga, nione mikono yao inavyofanya kazi, kwa sababu kazi hii ikifanikiwa haionekani. Hakuna anayerudi nyumbani jioni akasimulia kwamba leo amesakinisha programu na hakuna lililoharibika.

Nianze na alama moja ndogo. Siku moja nilikaa nyuma ya mwenzangu wa kazini, mhariri hodari ambaye hakuwa amewahi kufungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Alikuwa akifuata maelekezo ya zana mojawapo ya nyaraka. Ukurasa ulimtaka aandike amri, na mbele ya amri palikuwa na alama ya dola. Akanakili yote, akabandika, akabonyeza Enter. Kompyuta ikamjibu kwamba haijui amri inayoitwa dola. Akasoma upya, akarudia, akakagua kama ameacha herufi. Hakuwa ameacha herufi; alikuwa ameongeza moja. Dola ile si sehemu ya amri. Ni alama ambayo terminali nyingi za Linux huionyesha zenyewe, kama mtu anayeitika "naam, nakusikiliza". Aliyezoea haioni tena, kama vile asivyousikia mlio wa friji ya nyumbani kwake. Kwa mgeni ni herufi kama herufi nyingine, tena imekaa mbele, mahali pa heshima.

Mwenzangu akageuka akaniuliza, "Sasa mimi ningejuaje?" Sikuwa na jibu. Ukurasa haukumwambia, na aliyeuandika hakujua kwamba kuna la kumwambia.

Dawa ya haraka ni kuifuta dola. Lakini ukiitazama vizuri, dola haikuwekwa pale kwa ujinga. Inatenganisha kile unachoandika wewe na kile inachojibu kompyuta. Ikiwa amri na jibu lake vimewekwa katika kisanduku kimoja, ukifuta dola mgeni atanakili vyote viwili, amri na jibu, na tatizo litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Fundi mzuri huvitenga: amri peke yake katika kisanduku chake, bila pambo lolote; kisha neno "utaona"; kisha jibu katika kisanduku cha pili. Kwa wanaotumia Sphinx kuna kiongezo kinachoitwa sphinx-copybutton. Kinaweka kitufe cha kunakili kwenye kila kisanduku cha amri, na kinaweza kupangwa ili msomaji akinakili, dola ibaki nyuma. Mtu asiyemjua mwenzangu alikaa akamfikiria.

Kuna jambo dogo kuliko hilo. Kwa kawaida yake, Sphinx huyaremba maandishi: alama za nukuu zilizonyooka huzipinda kidogo, na vistari viwili vinavyofuatana huviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu. Katika makala ya kusomwa ni pambo zuri. Katika amri ni sumu. Amri nyingi hutegemea vistari viwili, kama vile --version, na mgeni akinakili kile kimoja kirefu, kompyuta haitamwelewa. Mwandishi akiizungushia amri alama zinazosema "haya ni maandishi halisi, yasiguswe", Sphinx huiacha kama ilivyo. Akisahau, hataona kosa. Katika faili lake vistari ni viwili. Katika ukurasa anaona kistari, na kistari ni kistari. Atakayegundua ni mgeni peke yake, saa nne usiku, huku bando likikatika. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii wana desturi moja inayoonekana ya kipuuzi: hufungua ukurasa wao wenyewe uliokwisha kuchapishwa, hunakili amri zao wenyewe kutoka humo, na kuzibandika moja moja kama watu wasiojua kitu. Hawanakili kutoka kwenye faili la asili. Hula chakula walichokipakua kwa ajili ya wageni.

Ukitaka kuona maelekezo yaliyochongwa mpaka hayana cha kupunguzwa, soma ukurasa wa kuanzia wa MkDocs. Ukishasakinisha, unaambiwa uandike mkdocs new my-project, kisha uingie ndani ya folda iliyozaliwa. Hapo ukurasa unasita kidogo na kukuonyesha kilichotokea: kuna faili moja la mipangilio linaloitwa mkdocs.yml, na folda moja inayoitwa docs yenye faili moja ndani yake. Basi. Unaandika mkdocs serve, unapewa anwani ya kufungua kwenye kivinjari, na tovuti yako imesimama mbele yako. Kisha inakuja hatua ninayoistahi kuliko zote. Unaambiwa ufungue faili la mipangilio, ubadilishe jina la tovuti, uhifadhi, halafu utazame kivinjari: jina jipya litatokea papo hapo bila wewe kugusa kitu.

Hatua hiyo haina faida yoyote ya kikazi. Hakuna anayehitaji tovuti yenye jina la mfano. Lakini ndani yake mgeni anajifunza mambo matatu kwa mkupuo mmoja: faili lipi linatawala nini, kwamba mabadiliko yake yanafika, na kwamba hakuharibu kitu katika hatua zilizotangulia. Kama jina halikubadilika, anajua palepale kwamba kuna tatizo, kabla hajajenga kurasa ishirini juu ya msingi mbovu. Huo ni msikiti uliowekwa mahali pake.

Angalia pia yasiyosemwa. MkDocs ina mandhari za kubadilisha sura ya tovuti, ina viongezo, ina mipangilio mingi yenye kurasa zake. Mlangoni havitajwi kwa urefu. Mwenyeji mwenye adabu hamzungushi mgeni vyumba vyote kabla hajamkaribisha kiti na maji ya kunywa. Na kwa mgeni wa Windows, ambaye amri zile zinaweza kumgomea, maelekezo ya usakinishaji yana dokezo fupi: akikwama, atangulize python -m mbele ya amri. Ni sentensi chache tu. Nyuma yake najua wamo watu wengi waliokwama, wakauliza, wakajibiwa, mpaka mtu mmoja akachoka kujibu akaamua kuandika.

Sphinx ilichukua njia nyingine. Badala ya kumpa mgeni hatua za kuandika mwenyewe, ilimtengenezea mwenyeji wa kumhoji: amri inayoitwa sphinx-quickstart. Ukiiendesha, inakuuliza maswali, na baada ya majibu inakutengenezea mafaili yote ya kuanzia. Wazo ni zuri. Matatizo yamo katika maswali. Mgeni anaulizwa, kwa mfano, kama anataka folda ya maandishi na folda ya matokeo zitengane au zikae pamoja. Ni swali halali, lakini linamfikia siku ya kwanza, na maana yake ataielewa wiki ya pili. Ni kama kumuuliza abiria anayepanda meli kwa mara ya kwanza kama angependa tanga lifungwe kushoto au kulia.

Waandishi wa Sphinx walilitibu kwa njia mbili. Kwanza, kabla ya swali hilo waliweka maelezo mafupi ya hiari zote mbili, na kando ya swali wakaweka jibu ndani ya mabano ya mraba, lile litakalotumika ukibonyeza Enter bila kuandika kitu. Mabano hayo ni heshima kubwa. Yanamwambia mgeni: ukiwa hujui, sisi tumekuchagulia, wala hutaumia. Pili, wakakata. Matoleo ya zamani yaliuliza maswali zaidi ya kumi: viambishi vya majina ya folda, mwisho wa majina ya mafaili, jina la ukurasa mkuu, na kiongezo kimoja kimoja, unakitaka au hukitaki. Matoleo ya sasa yanauliza machache: hilo la folda, jina la mradi, jina la mwandishi, toleo, na lugha. Kila swali lililofutwa lilikuwa na mtu aliyelipenda na sababu ya kuwepo. Kuongeza swali ni kazi ya mchana mmoja. Kulifuta kunahitaji mtu wa kusimama mbele ya wenzake na kusema kwamba mgeni ni muhimu kuliko sisi.

Hata onyo linaweza kuandikwa vizuri au vibaya. Katika maandishi ya Sphinx, kichwa cha habari hupigiwa mstari wa alama chini yake, na mstari huo usiwe mfupi kuliko kichwa chenyewe. Ukiupunguza, Sphinx inakuambia kwamba mstari wa chini ya kichwa ni mfupi mno, na inakutajia faili na namba ya mstari. Ukiandika ukurasa mpya ukasahau kuutia kwenye orodha ya yaliyomo, inakuambia kwamba ukurasa huu haumo katika orodha yoyote. Ni kauli fupi, kavu kidogo, lakini zinataja ugonjwa kwa jina na kidole kimewekwa panapouma. Linganisha na programu ile inayokuambia tu kwamba "kuna hitilafu imetokea". Hilo si onyo. Hiyo ni pole ya mtu asiyekujua.

Adui mkubwa wa ufundi huu, hata hivyo, si uzembe. Ni wakati. Ukuta ukijengwa vizuri leo, kesho utasimama. Maelekezo yaliyo sahihi leo yanaweza kuwa uongo kesho bila mtu yeyote kuyagusa, kwa sababu yanasimama juu ya vitu vya watu wengine. Kisa cha Jekyll kinafundisha. Hatua zake za kuanza zilikuwa chache na safi, na hatua ya tano ilikuwa ya kuwasha tovuti kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ndani kwa ndani, hatua hiyo ilitegemea seva ndogo inayoitwa webrick, ambayo ilikuwa ikija pamoja na Ruby yenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 ikatoka Ruby 3.0.0, na webrick haikuwemo tena. Wageni wa Jekyll wenye Ruby mpya wakawa wanafika hatua ya tano na kuanguka, ingawa ukurasa ulikuwa ule ule, neno kwa neno.

Watu wa Jekyll wakaweka onyo kwenye ukurasa wa kuanzia: kama unatumia Ruby 3.0.0 au zaidi, hatua ya tano inaweza kushindwa. Unaweza kuitibu kwa kuandika bundle add webrick. Onyo hilo nimelisoma mara nyingi, kama mtu anavyotazama mlango uliochongwa vizuri. Lina mambo matatu, na yote matatu ni ya hakika: ni nani anahusika, yaani mwenye Ruby ya namba hiyo, ni wapi ataanguka, yaani hatua ya tano, na afanye nini, yaani amri moja ya kunakili. Halisemi "hakikisha una vitu vyote vinavyohitajika", kauli ambayo haijamsaidia mtu yeyote tangu kompyuta zizaliwe. Nikitafuta dosari nitaiona mahali lilipowekwa: chini ya hatua zote, baada ya ile ya sita. Aliyeanguka kwenye hatua ya tano macho yake yako kwenye dirisha jeusi, na huenda asishuke chini kulisoma. Mimi ningeliweka sentensi moja juu ya hatua yenyewe. Lakini huo ni ubishi wa mafundi juu ya mlango ambao tayari unafunguka.

Wakati uliwapiga na watu wa Python, kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi, maelekezo ya karibu kila zana ya Python yalianza na maneno mawili, pip install, na jina la zana. Juni 2023 likatoka toleo la 12 la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, na humo maneno hayo yakaanza kukataliwa. Sababu ilikuwa ya busara: pip, kisakinishi cha Python, ilikuwa na uwezo wa kuharibu mafaili ambayo mfumo wenyewe wa kompyuta unayategemea. Lakini mgeni hakujua sababu. Alichokiona ni kurasa nyingi za maelekezo, zilizoandikwa na watu tofauti, zote zikimpa amri isiyofanya kazi.

Mahali hapo palipoharibika ndipo nilipokuta mojawapo ya maelekezo mazuri niliyowahi kusoma, nayo yamo ndani ya ujumbe wa kosa wenyewe. Ujumbe hauishii kukataa. Unasema mazingira haya yanasimamiwa na mfumo, kisha unatoa njia kwa mpangilio: ukitaka kusakinisha kwa kompyuta nzima, tumia apt, kisakinishi cha Debian yenyewe; ukitaka kifurushi ambacho Debian haina, jitengenezee mazingira yako ya pembeni, na amri ya kuyatengeneza ni hii, ukitaka programu nzima, pipx itakurahisishia. Panapotajwa jina la mfano, xyz, ujumbe unaeleza kwamba xyz ni jina la kile unachotaka kusakinisha, kwa kuwa waandishi wanajua kuna atakayeandika xyz kama ilivyo. Na kwa anayesisitiza kupita kwa nguvu, mlango upo, ila umepewa jina --break-system-packages, yaani vunja vifurushi vya mfumo. Hakuna aya ya onyo ambayo ingefanya kazi vizuri kuliko jina hilo. Ili upite, lazima uandike kwa mkono wako mwenyewe kile unachokwenda kukifanya.

Mambo haya yana mzee wake. John Carroll, mtafiti wa IBM, mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliwaangalia wafanyakazi wa ofisini wakijifunza programu za kuandikia kwa kutumia vitabu vinene vya maelekezo. Akaona kwamba hawasomi kama waandishi wanavyotaka wasome. Wanaruka kurasa, wanaanza katikati, wanajaribu kwanza na kusoma baadaye, na wakikosea, kitabu kinaendelea mbele kana kwamba hawajakosea. Akapendekeza vitabu vifupi zaidi, vinavyomwingiza mtu kwenye kazi yake halisi mapema, na vinavyotoa nafasi kwa makosa: ukijikuta hapa, jinasue hivi. Kazi hiyo aliikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1990, The Nurnberg Funnel, jina linalotokana na ngano ya Kijerumani ya faneli ya kumiminia elimu kichwani mwa mwanafunzi. Hoja yake ni kwamba faneli hiyo haipo. Mwalimu wa kwanza wa mgeni ni kosa lake mwenyewe, na mwongozo mzuri unamsubiri pale kosa linapotokea.

Nikirudi kwenye Kiswahili, naona lugha yetu imezaliwa na vifaa vya kazi hii. Maelekezo mengi ya programu huandikwa kama gwaride: fungua, andika, bonyeza, funga. Amri juu ya amri, na hakuna mahali pa kuuliza kama tuko pamoja. Sisi tuna silabi za kuuliza. "Ukishaandika" inamsubiri mtu amalize. "Ukiona" inampa alama ya kwamba yuko njiani. "Usipoona" inamfungulia mlango wa kurudi. Mwelekezaji wa pale kituoni hakusomea haya popote. Yamo katika kitenzi. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika "ukiona maneno haya, endelea, usipoyaona, rudi hatua ya pili" ameshafanya nusu ya kazi ya Carroll kwa viambishi viwili.

Nusu iliyobaki ni ngumu. Tanzania ilishajaribu kuileta programu huria katika Kiswahili: mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Zana za nyaraka ninazozizungumzia hapa bado humjibu mtu kwa Kiingereza kwenye dirisha jeusi. Anayeziandikia maelekezo ya Kiswahili ana mtego mmoja wa kuuepuka. Akiandika "bofya Hifadhi" wakati kwenye skrini kitufe kimeandikwa Save, amemtuma mgeni atafute geti la bluu kwenye mtaa ambao mageti yote ni mekundu. Kitu kitajwe kama kinavyoonekana kwenye skrini, kisha maana yake ielezwe kwa Kiswahili kizuri. Wivu wa lugha usimpoteze msafiri.

Lakini hata mwenye lugha nzuri na viambishi vyote hawezi kujiganga peke yake. Ufundi huu una upungufu wa ajabu: kadiri unavyoijua zana yako, ndivyo unavyozidi kutofaa kuandika ukurasa wake wa kwanza. Dola haionekani tena. Folda mbili hazina utata tena. Kwa hiyo mafundi wazuri huazima macho. Humketisha mtu asiyejua mbele ya kompyuta, humpa ukurasa, wao hukaa nyuma yake, mikono imefungwa, mdomo umefungwa, na kalamu mkononi. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Ulimi unawasha kumwambia "hapo chini, hapo chini". Lakini kila neno utakalomnong'oneza ni neno linalokosekana kwenye ukurasa, na msomaji aliye mbali hatakuwa nawe nyuma ya kiti chake. Siku ile na mwenzangu, nilipomwambia afute dola, nilimsaidia yeye na kumnyima atakayefuata, mpaka nilipoandika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga waliisema kwa ajili ya mambo mengine, lakini katika programu huria ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa: ukurasa wa maelekezo uko wazi kama ulivyo msimbo, na mtu yeyote anaweza kupendekeza sahihisho. Shida ni kwamba ugeni hauchelewi kuisha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na ukishashika jembe umekuwa mwenyeji, dola nawe huioni tena.

Kwa hiyo, wewe unayesakinisha zana ya nyaraka kwa mara ya kwanza wiki hii, weka daftari pembeni. Ukikwama, kabla hujatafuta jibu, andika mambo matatu: ulikuwa hatua ya ngapi, ulitarajia kuona nini, na uliona nini. Ukishajinasua, ongeza la nne: kilichokunasua. Mistari hiyo minne itume kwa wenye zana ndani ya siku mbili zako za ugeni. Siku ya tatu utakuwa umeshasahau.